Mwaka Tulioshona Majarida

Nilifika kwa Rael jua likiwa limeanza kupoa, na kitu cha kwanza nilichokiona ni viti vyake. Vilikuwa vimepangwa uani chini ya hema: makochi mazito yenye mikono ya mbao, kila kochi na kitambaa chake kilichofumwa kwa mkono, meza ndogo, kabati la vyombo lenye milango ya kioo. Kama ilivyo desturi, vyote vilikuwa vimetolewa nje ili sebule ipate nafasi ya jeneza na ya waombolezaji. Mume wake alikuwa amefariki wiki hiyo. Mimi nilikuwa nimesafiri tangu alfajiri kutoka Nairobi hadi kule kwao chini ya Mlima Elgon, magoti yamekakamaa, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama nitamtambua, maana mara ya mwisho tulipoonana tulikuwa wasichana. Nikapita kati ya viti vile, nikaingia ndani, nikamwona ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, kichwa amekifunga leso, wanawake wamemzunguka. Akainua macho. Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu, kule nje kwenye viti, kisha akanitazama tena. Midomo yake ikaanza kutetemeka. Wale wanawake wakamsogelea, mmoja akamshika bega, wakidhani kilio kimemzidi. Mimi peke yangu nilijua kwamba mjane yule alikuwa akijizuia kucheka.

Ili mtu aelewe kicheko kile inabidi nirudi Mbotela, kwenye chumba tulichokaa mimi na Rael mwaka mmoja tu. Habari za kwetu Ukambani na za kwao nitaziacha hapa, zina mahali pake. Itoshe kusema kwamba tulikutana kazini, wote wawili hatukuwa na mahali pazuri pa kulala, na kwamba Mama Auma, mama mmoja wa Kijaluo aliyeuza samaki wa kukaanga kando ya Jogoo Road, alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na alitaka wapangaji wasiokunywa pombe. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja la mbao, sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa mpaka ikawa na rangi ya ini, na kitanda tulicholala wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Karibu nusu ya nafasi ilichukuliwa na kabati la Mama Auma ambalo halikuenea chumbani kwake. Ndani yake mlikuwa na vikombe vya maua ambavyo havikuwahi kunywewa chai tangu vinunuliwe. Ukuta wa kati haukufika juu. Kwa hiyo kila kilichosemwa kwa Mama Auma kilitufikia: nani amefukuzwa kazi reli, binti wa nani ameonekana na dereva, na kwa nini wale wasichana wake wa vitabu hawaletewi wachumba. "Wasichana wa vitabu" tulikuwa sisi. Rael akisikia hivyo alikuwa anajibu kwa sauti kupitia juu ya ukuta, "Mama, wachumba tumewaficha kwenye kabati lako!" na upande wa pili kunazuka kicheko.

Tulikuwa tukifanya kazi ya kujalidi vitabu. Asubuhi tulipita katikati ya Makongeni, kati ya nyumba za watu wa reli, wanawake wakianika nguo na watoto wakipiga mswaki barazani, tukavuka njia ya gari moshi hadi upande wa viwanda, ambako hewa ilinuka sabuni, kisha biskuti, kisha ngozi mbichi, kila siku kwa mpangilio huohuo. Karakana yetu ilikuwa ndogo. Msimamizi alikuwa Mzee Zakayo, mtu wa kanisa, mkali wa usafi wa mikono, aliyenusa vidole vyetu baada ya chakula cha mchana kuhakikisha hatuna mafuta ya mandazi. Wanaume walikata karatasi na kubana. Wanawake tulikunja na kushona. Ukipewa matoleo ya jarida ya mwaka mzima, unayapanga, unayafungua, unayashona pamoja kwa uzi na sindano, unapaka gundi mgongoni, kisha yanavikwa jalada gumu la kitambaa na kuandikwa mwaka wake kwa dhahabu. Yanakuwa juzuu moja ambayo haitatawanyika tena.

Kazi ya mwaka ule ililetwa na Bwana Gitau, mkutubi wa chuo fulani cha mjini, mtu mpole mwenye tai iliyokuwa fupi daima. Aliingia na masanduku mengi, mengine yakiwa na vumbi la miaka, akatueleza kwamba ni majarida ya usanifu majengo. Mengine chuo kilipewa na wazungu waliokuwa wakirudi kwao, mengine kilinunua. Yalikuwa ya Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, kuanzia wakati wa kati ya vile vita viwili vikuu hadi juzijuzi. "Wanafunzi wanayasoma mpaka yanararuka," alisema. "Nataka yapangwe kwa miaka. Na majalada ya karatasi na matangazo, toeni. Chuo kinataka makala peke yake." Hivyo ndivyo tulivyojikuta, mimi na Rael, tukiipitia historia nzima ya kitu ambacho hatukukijua, toleo kwa toleo, kwa ncha za vidole.

Majarida ya mwanzo yalikuwa membamba kama vitabu vya katekisimu. Yalichapwa kwa rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu, mistari imelala upande, na mengine yaliandikwa kwa herufi ndogo tupu, hata majina ya watu. Jambo hilo lilimuudhi Mzee Zakayo. "Hawa hata jina la Mungu wataliandika kwa herufi ndogo," akasema, akasukuma rundo mbali naye. Lakini Rael alikuwa ameacha kushona. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na pale ambapo lugha ilimshinda alisoma picha. Mchana, tukiwa tumeketi kwenye maboksi nje na githeri yetu ya mahindi na maharagwe, aliniambia, "Mwende, umeona? Hawa watu hawakuwa wamejenga kitu. Angalia vizuri. Yote ni michoro. Nyumba hata moja haijasimama."

"Basi ni waongo," nikasema.

"Si waongo. Wanatamani."

Nimelikumbuka neno hilo maisha yangu yote. Alilisema akiwa na punje ya mahindi mdomoni, bila uzito wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akaendelea kunieleza kwamba vijana wale walikuwa wametoka vitani, miji yao michafu, watu wamejazana vyumbani kama sisi, na hawakuwa na mtu wa kuwapa kazi ya kujenga. Kwa hiyo wakajenga jarida kwanza. Wakalituma kwa posta nchi nyingine, kijana mwingine akalisoma, naye akaanzisha lake. "Kwa hiyo mji ulianza kwenye karatasi," akasema. Tangu siku hiyo sikuweza kushona bila kutazama.

Na kweli, kadiri masanduku yalivyokwenda, michoro ikaanza kuwa picha. Nyumba nyeupe zilisimama juu ya miguu myembamba kama korongo, madirisha yake marefu kama mstari wa daftari. Kisha yakaja majarida ya miaka ya vita vya pili, karatasi yake nyembamba na chafu iliyotoboka ukivuta uzi kwa nguvu. Rael aliipapasa akasema, "Hapa walikuwa na njaa." Halafu vita vikaisha, na majarida yakanenepa. Yale ya Kiitaliano yalileta rangi, na viti ambavyo huwezi kujua kama ni vya kukalia au vya kuogopa. Mengine yalionyesha majumba ya Brazili yaliyovaa vizuizi vya jua kama mtu aliyeweka kiganja juu ya macho. Na matangazo! Saruji, vioo, mabomba, lifti, rangi za ukuta. Tulikuwa tukiyang'oa na kuyatupa chini mpaka miguu yetu inapotea. Kitu kimoja kilimsumbua Rael katika picha zile: hazikuwa na watu. Vyumba vinang'aa, maua mezani, na hakuna mtu.

"Wamekwenda wapi?" akaniuliza.

"Labda wako kazini."

"Wote? Hata mama mkwe?"

Yale majalada na matangazo tuliyoyang'oa, Mzee Zakayo aliyauza kwa kilo kwa wauza njugu wa Majengo, nasi akaturuhusu kuchukua tuliyoyataka. Kila jioni tulirudi Mbotela na majalada mapya chini ya kwapa. Siku nyingine tukipita Majengo kununua mkaa, tuliuziwa njugu ndani ya tangazo la kiti tulichokifahamu. Rael alikuwa akiikunjua ile karatasi taratibu, akila njugu moja moja, akisema, "Hiki ni cha lile sanduku la wiki jana."

Katikati ya mwaka, wakati wa baridi ile ya Julai inayokaa Nairobi kama mgeni asiyeaga, tulifika kwenye majarida ya Kiingereza yaliyozungumzia ujenzi katika nchi za joto. Yalikuwa na mishale ya kuonyesha upepo unapoingia na jua linapopita. Nilikuwa nakunja, Rael akishona, na ghafla akanishika mkono. Kwenye ukurasa kulikuwa na mchoro mdogo wa safu ya nyumba kama zetu, kama zote za Eastlands: chumba, chumba, ukuta usiofika juu, bomba la pamoja uani. Mahali penyewe hapakutajwa jina, lakini kila kitu kilikuwa chetu. Ndani ya kila chumba walikuwa wamechora vitanda kwa vimistari, na chini yake maneno machache kwamba chumba kama hicho kinamtosha mfanyakazi mwafrika.

Rael akaweka kidole chake juu ya chumba kimoja. "Mwende. Hapa ndipo tunapolala."

"Na kabati la Mama Auma hawakulichora," nikasema, nikidhani nitamchekesha.

Hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo kumbe kuna mtu alikaa mezani akakifikiria chumba hiki. Akakifikiria, halafu akaacha njiani. Mimi nataka kumalizia."

Jumamosi iliyofuata tukapata nusu siku. Mama Auma alikuwa kwenye samaki wake. Tukatoa kila kitu nje: kabati na vikombe vyake, viti viwili, meza, sanduku, kitanda chenyewe. Tukavipanga uani vizuri kabisa. Tukakoroga chokaa ndani ya karai tukaanza kupaka ukuta mweupe, kanga tumezifunga kifuani, nyuso zimejaa madoadoa. Rael alikuwa ameshachora kila kitu kwenye karatasi ya kaki: rafu moja ndefu ukutani badala ya kabati, kitanda kitakachosimamishwa mchana kwa bawaba, pazia mahali pa mlango, na majalada yetu mekundu na meusi juu ya ukuta mweupe, moja tu kwa kila upande, "ili macho yapumzike."

Tulikuwa hatujamaliza ukuta wa pili tuliposikia wimbo. Wimbo wa kanisa, polepole, sauti za wanawake wengi. Nikachungulia. Majirani walikuwa wanakuja wamejitanda leso, mmoja amebeba sukari, mwingine majani ya chai, mwingine kuni kichwani. Mbele yao alikuwa Mama Auma, mikono ameiweka kichwani, amekimbia kutoka Jogoo Road na harufu yake ya samaki, akilia, "Ni nani? Ni yupi kati yao? Wasichana wangu jamani!"

Rael akatoka nje, mweupe uso mzima kwa chokaa. Mwanamke mmoja akapiga yowe akataka kukimbia.

"Nani amekufa?" Mama Auma akauliza alipopata pumzi.

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Kama hakuna aliyekufa, mbona viti viko nje?"

Rael akatafuta neno. Nilimwona akilitafuta. "Ni usasa," akasema.

Mama Auma akaketi kwenye kiti chake uani, pumzi zinampanda na kushuka. "Usasa?" akauliza. "Huyo ni mtoto wa nani?"

Sijawahi kucheka vile tena. Nilicheka mpaka nikakaa chini, Rael akaegemea mlango machozi yakimchora mistari kwenye chokaa, na majirani, walipoelewa kwamba sukari yao imeponea chupuchupu, wakaanza nao. Kwa kuwa majani ya chai yalikuwepo na kuni zilikuwepo, chai ikapikwa. Vile vikombe vya maua, kwa mara ya kwanza, vikatoka kabatini vikanywewa. Wanawake wakaingia chumbani mmoja mmoja kukitazama, wakaketi sakafuni kwenye mikeka, wakaegemea ukuta uliokwisha kukauka.

"Nafasi iko," mmoja akakiri.

"Lakini mgeni akija," mwingine akauliza, "atajua aje kama mko na vyombo?"

Mama Auma alizungusha macho pembe zote nne. "Nyumba bila kabati ni kama mtu bila meno," akasema. Lakini aliketi pale mpaka jioni, na wiki iliyofuata akatuuliza, kama mtu asiyejali, chokaa hununuliwa wapi.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoitamani ninapoamka kabla ya jogoo wa jirani. Hakuna kikubwa kilichotokea. Tulirudi kazini, kabati likahamia kwa jirani, tukasimamisha kitanda ukutani, tukapika ugali na mrenda, mboga ya kwao inayoteleza, kwa kuwa Rael alisema mtu asiyejua mrenda hajui kumeza, au muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, ilipofika zamu yangu. Tulikula tukiwa tumeketi katikati ya nafasi ile yote, dirisha wazi, na mwanga wa jioni ulikuja ukalala juu ya ukuta mweupe hadi kwenye lile jalada jekundu. Watu walikuja kuona. Vijana wa Mbotela waliita chumba chetu "hosi", yaani hospitali, kwa sababu ya weupe wake, wakawa wananisalimia, "Sasa sista, hosi imefunguliwa?" Rael alichora kila jioni. Alichora nyumba ya Mama Auma yenye jiko lililotazama barabarani ili asilazimike kuacha samaki wake akaangalie watoto. Alichora bomba la uani likiwa na benchi na kivuli, kwa sababu, alisema, wanawake husimama pale kutwa nzima na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba wana miguu. Na ndani ya michoro yake yote aliweka watu. Hakuwa hodari wa kuchora watu, walikuwa na vichwa kama viazi, lakini walikuwepo.

Bwana Gitau alipokuja kukagua juzuu zilizomalizika, akakuta mchoro wa bomba mezani kwetu. Akauliza ni kutoka toleo gani. Mzee Zakayo akamwonyesha Rael kwa kidevu. Gitau akautazama tena, akavuta ile tai yake fupi, akasema chuoni kuna mafunzo ya wachoraji ramani, wanachukua watu baada ya Krismasi, na kwamba atamwombea nafasi ya kufanyiwa usaili. "Lete michoro yako," akamwambia. "Yote. Usichague." Tulitembea kurudi nyumbani tumeshikana mikono kama watoto wa shule. Tukaanza kupanga. Akimaliza mafunzo tutahamia nyumba yenye bomba ndani. Mimi nitajifunza kupiga chapa. Tutamkaribisha Mama Auma Jumapili, aje akae kwenye kiti cha kuogopesha. Tulipanga kwa namna ambayo leo, nikiitazama, naona haikuwa na mume wa yeyote kati yetu ndani yake. Hatukuliona hilo wala hatukulijadili. Ulikuwa mpango tu.

Kaka yake alikuja Jumapili moja ya Desemba baada ya ibada. Alikuwa mtu mkubwa mwenye aibu, kofia mkononi, na alipoingia chumbani akasita mlangoni kwa sababu hakuona pa kukaa. Mama Auma akamletea kiti na chai. Akainywa yote kabla ya kusema. Dada yao mkubwa alikuwa amefariki akijifungua. Mtoto alikuwa hai. Kulikuwa na wengine watatu, na shemeji yao, Wafula, alikuwa peke yake nao, hajui hata kumfunga mtoto mgongoni. Wazee walikuwa wamekaa. Hakusema wazee walisema nini. Alimwangalia Rael, akatazama kofia yake.

"Wamesema niende," Rael akasema.

"Wamesema uje umwone mtoto."

"Kaka. Sema yote."

"Wamesema kama utakubali, usiwaache watoto wapate mama wa kambo asiye damu yao. Hakuna atakayekulazimisha. Wafula mwenyewe amekataa kukuomba. Amesema ana haya."

Baada ya kaka yake kutoka kwenda kulala kwa jamaa zao Makongeni, nilimsihi. Nilimwambia angoje mwezi mmoja tu, afanye usaili, kisha aende. Nilimwambia nitakwenda pamoja naye kumlea mtoto mpaka azoee maziwa ya ng'ombe, kisha tutarudi. Nilisema mambo mengi ambayo hayakuwa na akili. Alinisikiliza ameegemea ukuta.

"Mtoto hangoji, Mwende."

"Na wewe je?"

"Mimi nimezoea kutamani," akasema. "Yeye bado hajazoea."

Kesho yake asubuhi alifunga nguo zake. Michoro aliiacha. Aliniambia nimpelekee Bwana Gitau yote, isipokuwa ule wa bomba, alitaka ubaki nami. Mlangoni alimgeukia Mama Auma akamwambia, "Mama, mrudishie Mwende kabati. Asikae peke yake kwenye chumba kitupu." Kisha akaondoka na kaka yake, hakugeuka nyuma, nami nilimshukuru kwa hilo. Jioni ile Mama Auma na wanawe wakalirudisha kabati. Nilikuwa nimejifunza jambo ambalo majarida yale hayakuwahi kulieleza: chumba cha watu wawili kikiwa kitupu, utupu wake huitwa nafasi. Akibaki mmoja, ni utupu.

Niliendelea kushona hadi sanduku la mwisho. Bwana Gitau aliipokea michoro kwa mikono miwili, akasikitika, na sijui alikoipeleka. Nikaolewa na dereva, mtu mwema, tukahamia Umoja, nikazaa, nikazika. Karakana ilifungwa mashine za kunakili zilipojaa mjini. Rael na mimi tuliandikiana, kisha tukaandikiana Krismasi tu, kisha watoto wakachukua mikono yetu yote. Mjukuu wangu Kioko, anayesomea mambo ya ujenzi, alinionyesha majuzi kwenye simu kwamba majarida yale sasa yanatafutwa dunia nzima, na kwamba wasomi wanalalamika kwa sababu maktaba nyingi, zilipoyajalidi, zilitupa majalada na matangazo. "Susu, hao watu walikuwa wanafikiria nini?" akaniuliza. Nikamwambia walikuwa wanataka makala peke yake. Sikumwambia kwamba Majengo nzima ilikula njugu kutoka ndani ya hiyo sehemu iliyokosekana.

Baada ya mazishi nilikaa kwa Rael siku chache. Viti vilikuwa vimerudi ndani, wageni wamepungua, na asubuhi ya kuondoka kwangu tulikaa jikoni tukichambua mboga. Mikono yake ilikuwa ya mkulima sasa, lakini bado alikunja majani kwa ukingo wa kidole gumba, vile tulivyofundishwa kukunja karatasi. Yule mtoto mchanga aliyekwenda kumlea ni mwalimu mkuu leo, na ndiye aliyekuwa akikata kuni nje. Nilimuuliza swali nililolibeba miaka yote: kama alijuta.

Alifikiri kwanza. "Wafula alikuwa mwema," akasema. "Mwaka mzima wa kwanza alilala kwa ndugu yake, mpaka mimi mwenyewe nilipomwita. Siwezi kumjutia mtu kama huyo. Na hawa watoto ni wangu." Akatupa bua moja kando. "Lakini unajua, nimekuwa dada wa mtu, mke wa mtu, mama wa watu, nyanya wa watu. Mwaka mmoja tu nilikuwa Rael. Na wewe peke yako uliniona."

Tukachambua mboga mpaka zikaisha.

"Sasa mimi mjane, wewe mjane," akasema bila kuinua macho. "Wako wamekua, wangu wamekua. Nyumba ni kubwa mpaka nasikia mwangwi nikikohoa. Unangoja nini Nairobi?"

Nikamwambia nitafikiria. Nilirudi Umoja, nikafikiria juma zima, na juma zima sikufanya lolote ila kusafisha vitu vilivyokwisha kuwa safi. Jana nikampigia simu.

"Rael."

"Eeh."

"Mvua imeanza huko?"

"Imeanza. Usiniulize mvua, Mwende. Sema unakuja."

"Naja."

Nilisikia kuku wake, na mtu akimwita kwa mbali, naye hakumwitika. Jioni nikamwomba mwanangu Mutua anishushie sanduku juu ya kabati. Alilishusha, akalifuta vumbi kwa kiganja, akaliweka kitandani, akasimama pale kama mtu ambaye hajui aketi au aondoke.

"Mama, unakwenda mpaka lini?"

"Mpaka Pasaka," nikamwambia.

Hakuniuliza Pasaka ipi.